Ziwa Lilipoingia Chooni

Aprili 2024, saa mbili usiku, Mama alinipigia simu kutoka Katonga. Hakuanza na salamu, na kwa watu wa kwetu mtu akiruka salamu ujue kuna msiba au kuna deni. Alisema, "Baba, ziwa limeingia chooni."

Nikadhani mtandao unakatakata. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, ila safari hii akaongeza kwamba jirani hamsemeshi tangu juzi, na kwamba nisimtumie hela za dawa, nimtumie hela za fundi.

Cha ajabu ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa na ugomvi wa choo kingine, zaidi ya kilomita 1,200 upande wa mashariki. Nyumba ninayopanga Dar es Salaam iko mtaa wenye bomba la maji taka. Chemba ya mbele ya geti ilikuwa imeziba, maji yanatiririka hadi barabarani, wauza mihogo wamehama. Tukaitana kikao. Mwenye nyumba akasema bomba ni la mamlaka. Fundi aliyeletwa akasema hapana mzee, bomba kubwa la barabarani ndilo la mamlaka. Kipande kinachotoka kwako kwenda kuliunga ni chako. Kipande chenyewe kina kama mita saba hivi. Kila mtu akaziangalia zile mita saba kama anavyoangaliwa mtoto wa nje aliyetokea kwenye matanga.

Nikiwa kwenye treni ya kwenda Kigoma nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri (anayeijua reli ya kati ataelewa), na swali lililokuwa likinirudia lilikuwa hilohilo: uchafu wa nyumba ni wa mwenye nyumba mpaka wapi? Unaacha kuwa wake ukifika sehemu gani? Ni swali la wanasheria na mafundi bomba, najua, na blogu hii ni ya watu wa vitabu. Lakini kila nilipolivuta nilikuta ni swali la historia, na kwa upande wetu wa ziwa ni historia ambayo mwenyewe nilikuwa sijaipanga kichwani.

Nianze na waliolijibu vizuri zaidi. Katikati ya karne ya 19 nyumba nyingi za London zilikuwa na shimo chini au uani, na mwenye nyumba aliwalipa watu waje usiku kulitapisha. Ilikuwa shughuli yake binafsi, kama kununua mkaa. Vyoo vya kuvuta maji vilipoenea, mashimo yakajaa upesi. Ikaruhusiwa, kisha ikalazimishwa, nyumba ziungwe kwenye mifereji ya mvua. Mifereji ikamwaga Mto Thames, na wengi walikuwa wanakunywa maji ya Thames. Daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha mwaka 1854, kwa pampu moja ya mtaa wa Broad Street, kwamba kipindupindu kinanywewa, hakivutwi kwa pua. Hakusikilizwa sana. Kilichowaamsha wabunge ni harufu ya kiangazi cha 1858, mto ulipooza mbele ya madirisha yao. Hapo pesa zikapatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga zaidi ya kilomita 130 za mifereji mikuu ya kukinga uchafu usiingie mtoni katikati ya jiji.

Mwaka huohuo wa 1858, mwezi Februari, Richard Burton na John Speke walikuwa wamefika Ujiji, wakiongozwa na njia ambayo misafara ya pwani ilikuwa ikiipita tangu zamani. Nataja sadfa hii kwa sababu tumezoea kusoma kwamba walitoka kwenye usafi wakaja kwenye uchafu. Walitoka kwenye jiji ambalo miezi michache baadaye lilitundika mapazia yaliyolowekwa dawa kwenye madirisha ya Bunge. Na kwa upande wetu, mtu akienda kutembea kwenye magofu ya Gedi kule Kenya ataona vyoo vya ndani ya nyumba za mawe, na mahali pa kutawadhia, vya miaka mamia kadhaa kabla ya Bazalgette kuzaliwa. Mswahili wa pwani alijua choo ni sehemu ya nyumba. Ila naye shimo lake lilikuwa lake.

Hata Uingereza yenyewe mpaka ule wa mita saba haukutulia mpaka juzijuzi. Kwa zaidi ya karne moja, mwenye nyumba wa kule aliweza kujikuta anadaiwa matengenezo ya bomba lililo chini ya bustani ya jirani, au chini ya barabara, kwa sababu linabeba maji yake. Tarehe 1 Oktoba 2011 sheria ikabadilika katika England na Wales: mabomba yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja, na vipande vilivyo nje ya uwanja wa mtu, yakahamia kwa kampuni za maji. Kilichobaki kwa mwenye nyumba ni bomba linalomhudumia yeye peke yake ndani ya mpaka wake. Kwingine, kama sehemu nyingi za Marekani, kipande chote hadi bomba kuu bado ni cha mwenye nyumba, na watu wanauziwa bima kwa ajili yake. Hebu fikiria, bima ya bomba la choo.

Haya yote yanahitaji jambo moja: liwepo bomba kuu. Kigoma hakuna. Mji una reli tangu 1914, una bandari, una meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 na kuibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na bado ni mashuhuri duniani. Mtandao wa bomba la maji taka hauna. Kila nyumba ina shimo lake, na karo kwa wenye uwezo. Kwa hiyo Katonga ukiuliza uchafu wa mwenye nyumba unaishia wapi, hakuna chemba ya kukuonyeshea. Ukishuka kutoka nyumbani kwetu hatua mia hivi unakutana na chanja za dagaa, halafu mitumbwi, halafu maji.

*

Shimo letu lilichimbwa mwaka 1973. Bibi, mama yake mama, ndiye aliyelichimbisha, na alikuwa anapenda kusimulia habari zake kuliko habari za ndoa yake. Alikuwa mkaushaji dagaa. Alisema mwaka ule redio ilikuwa inazungumza habari ya choo mpaka mtu unaona aibu kuifungulia mbele ya wageni.

Redio yenyewe ilikuwa ya kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wadogo wa blogu hii huenda hawaijui. Kwa wiki 12 za mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha vipindi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikachapa vitabu vidogo, viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 wakafundishwa, na watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 wakakaa kwenye vikundi kusikiliza, kusoma na kujadiliana: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Kila kipindi kilitakiwa kimalizike na kazi ya mikono. Fukieni madimbwi. Chimbeni choo. Vyoo vikachimbwa kwa malaki nchi nzima. Mimi nimesoma vitabu vingi vya siasa ya Ujamaa na nakiri wazi, hakuna jambo la wakati ule ninaloliheshimu kama hili: serikali maskini ikiwafundisha watu wazima kusoma kwa kutumia habari ya kinyesi chao wenyewe.

Lakini tuangalie nani aliachiwa jembe. Kampeni ilitoa elimu, ikatoa redio na kitabu. Shimo alichimba mwenye nyumba. Na muda wake si wa bahati tu. Mkoa wa Kigoma ndio uliokuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa kuhamishiwa vijijini kwa operesheni, kuanzia 1972. Watu waliokuwa wametawanyika milimani, kila mji na migomba yake, waliletwa wakae pamoja kwa safu. Mtu akiishi peke yake kilimani, uchafu wake unamezwa na ardhi bila kumkera mtu. Akiwekwa mita ishirini kutoka kwa mwenzake, na wote wanachota mto mmoja, hapo choo si habari ya staha tena. Mwaka 1974 kipindupindu kikaonekana Tanzania, wagonjwa wachache. Mwaka 1977 kikaja kwa nguvu, na tangu hapo kikawa mgeni wa kila mwaka. Sisemi operesheni ndiyo iliyokileta. Nasema kilikuta watu wamesogezwa karibu karibu, na kinga kubwa iliyokuwepo ni yale mashimo ya Mtu ni Afya.

Bibi alilipa fundi kwa dagaa. Kina cha watu wawili, alisema, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake. Mchanga ulikuwa unabomoka, wakaweka mapipa yaliyotolewa vitako. Maji hawakuyakuta. Hilo alilisisitiza kila mara: "Mkavu, mjukuu wangu. Mkavu mpaka chini."

Nilikuwa nalisikia hilo kama sifa ya shimo. Nilipofika Katonga safari hii na kumkuta Mama amesimama uani na gambuti za mjomba, maji meusi yakiwa sentimita chache chini ya sakafu ya choo, ndipo nilipoanza kuelewa kwamba Bibi alikuwa anasimulia habari za ziwa.

*

Ziwa Tanganyika watu wanalisifia kwa kina, mita 1,470, la pili duniani. Wanasifia urefu, kilomita zaidi ya 670, na kwamba nchi nne zinalichangia. Wanayosahau ni kwamba halitulii mahali pamoja. Stanley alipokutana na Livingstone Ujiji, Novemba 1871, soko lilikuwa pale penye nchi kavu. Aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba miti iliyokuwa imesimama sokoni siku zile sasa imesimama ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda, kwa sababu mdomo wake wa pekee wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na matete. Yaani, tuseme ukweli, lilikuwa chemba iliyoziba. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ile ziba ikabomoka, maji yakatoka kwa kishindo kuelekea Lualaba, na katika muda wa miaka kama 15 ziwa likashuka takriban mita 10.

Mita 10 kwenye ufuko wenye mteremko mdogo ni uwanja mkubwa. Nenda leo kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, penye miembe. Mwongozaji anakuambia mkutano wa Stanley ulikuwa jirani na maji, unageuka kuyatafuta maji, huyaoni. Yako mbali, na katikati pana nyumba na mashamba. Nchi yote ile ya chini, ya Ujiji na ya Katonga na ya mialo mingine, ni nchi iliyoachwa na ziwa. Tumejenga juu ya kitanda cha mtu aliyetoka kwenda safari.

Na amekuwa akirudi kuchungulia. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zilipandisha maziwa ya Afrika Mashariki, na Tanganyika likapanda nayo hadi 1964 hivi, kisha likaanza kushuka tena. Bibi alichimba 1973, ziwa likiwa linarudi nyuma. Shimo lake lilikuwa kavu kwa sababu hiyo. Fundi wake hakukosea. Alichimba vizuri kwa ziwa la mwaka ule.

Mwaka 2020 na 2021 likapanda. Likatulia kidogo, halafu mvua za msimu wa 2023 na 2024 zikalipandisha zaidi: Bujumbura mitaa ya ufukweni ikaingia maji, Uvira na Kalemie nyumba zikazama, na upande wetu mialo na nyumba za Kigoma zikamezwa. Magazeti yaliandika mafuriko. Neno hilo linadanganya kidogo. Mafuriko huja juu ya ardhi, unayaona yakija. Maji yaliyoingia chooni kwetu hayakupita mlangoni. Yalipanda chini kwa chini kwenye mchanga, yakaingia shimoni kwa pembeni, na yakakuta miaka 51 ya familia yetu inayasubiri.

*

Jirani yetu ana kisima. Kipo mita kumi na moja kutoka kwenye choo chetu. Nilipima kwa kamba ya nyavu. Mabwana afya husema choo kikae mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa, na hakuna mtu Katonga mwenye kiwanja cha kuruhusu mita 30 za kitu chochote. Mjukuu wake alikuwa ameharisha siku tatu, akalazwa, akapona. Yeye hakusema ni choo chetu. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika juu ya ukuta, kwamba kuna watu wanawalisha wenzao. Mama akajibu kwamba kuna watu walichimba kisima wakati choo kinaonekana. Wanawake hawa wamekaanga migebuka kwenye mafuta mamoja ya mawese kwa miaka 30. Mmoja alimzika mume wa mwenzake, kwa maana ya kupika msibani siku zote saba.

Nani alikuwa na haki? Nilikwenda kuwasalimu wote wawili, nikakaa, nikanywa chai mara mbili, na sikupata jibu. Choo kilitangulia. Kisima kilikuja mwaka ambao bomba la maji safi lilikuwa kavu wiki nzima nzima. Choo kilichimbwa kwa amri ya redio ya taifa. Kisima kilichimbwa kwa kiu.

Lawama ya namna hii si ngeni hapa. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Zanzibar kikitokea bara, kikaua watu kwa maelfu, na James Christie, daktari aliyekuwa akiishi pale, akakifuatilia njia kwa njia katika kitabu alichokichapisha 1876. Kilisafiri na misafara. Barabara ileile iliyoleta shanga na vitambaa Ujiji na kuondoka na pembe na watumwa ndiyo iliyokipitisha hadi ng'ambo ya ziwa. Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870, aliandika habari za vifo vyake miongoni mwa watu wa misafara. Kila mji ulisema kimetoka mji uliopita. Hakuna mji uliosema kimetoka kwetu.

Serikali za kikoloni zilipokuja zilikuwa na jibu rahisi zaidi: kimetoka kwa Waswahili. Wajerumani waliondoa makao yao Ujiji, mji mkubwa, wenye watu, wakayapeleka Kigoma penye bandari na reli. Wabelgiji wakashika 1916, Waingereza wakapokea 1921. Katika miji ya Tanganyika utaratibu ulikuwa uleule: Uzunguni juu penye upepo, Uhindini katikati, Uswahilini huko chini. Juu kulikuwa na karo na maji ya bomba. Katikati, choo cha ndoo, na topasi wa kuibeba usiku. Chini kulikuwa na Bwana Afya. Huyu alikuja na daftari, akachungulia, akauliza mfuniko uko wapi, akaandika faini. Dar es Salaam ilipojengewa bomba la maji taka, na lile la kumwaga baharini katika miaka ya 1950, lilifuata ramani hiyohiyo, na mpaka leo sehemu kubwa ya jiji hailioni. Ndiyo maana Dar kuna neno ambalo Kigoma halikuwa na haja nalo, kutapisha: unangoja mvua kubwa, unatoboa shimo lako pembeni, unaliacha litapike kwenye mtaro na maji yalichukue liende kwa wa bondeni. Na kuna vyura, vijana wanaoingia mashimoni kwa ndoo. Nimewahi kuwahoji wawili. Hawakutaka kupigwa picha, na mmoja aliniambia mkewe anajua anafanya kazi ya ulinzi wa usiku.

Fasihi yetu haijapenda kuingia humo. Tuna tenzi za kila kitu, lakini choo tumewaachia wachekeshaji. Mfano ninaoukumbuka kwa Kiswahili ni wa kuazima: Wema Hawajazaliwa, tafsiri ya Abdilatif Abdalla ya riwaya ya Ayi Kwei Armah, ambamo waziri aliyepinduliwa anatoroka kwa kupenyezwa kwenye tundu la choo cha ndoo, njia ya topasi. Nilipoisoma chuoni niliiona ni sitiari. Sasa naona Armah alikuwa anasimulia pia jinsi nyumba ilivyojengwa: tundu lilikuwepo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuja kuchukua. Mwenye nyumba hakuwa na haja ya kumjua.

*

Mei 2015 nilikuwa mwandishi mpya kabisa, nina kalamu ya kupewa. Warundi walikuwa wanakimbia vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na makumi ya maelfu wakarundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka, bila barabara ya gari. Walilala ufukweni, wakanywa ziwa, wakajisaidia palipopatikana. Kipindupindu kikalipuka. Wagonjwa walipita 3,000 na waliokufa walipita 30. MV Liemba, ile meli ya Mjerumani, iliwaleta mia kadhaa kwa safari hadi Kigoma, wakapokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu.

Nilichokuwa nimekisahau mpaka nilipokaa tena kwenye kile kibaraza cha Mama ni hiki: wiki ile watu wa mjini waliacha kununua dagaa wa Katonga. Bibi, aliyekuwa hai bado, alikaa na magunia yake. Hakuwalaani Warundi. Alisema maji ni mamoja. Ni kweli zaidi ya alivyojua. Wanasayansi wanahesabu kwamba tone linaloingia ziwa hili hukaa mamia ya miaka kabla ya kutoka, na mto wake pekee wa kutokea ni ile Lukuga. Ukimwaga Bahari ya Hindi, mkondo unachukua. Ukimwaga Tanganyika umeweka akiba.

*

Basi tukafanya kikao. Mama, jirani, mjomba, mimi, na mzee mmoja wa mtaa aliyejua sheria kiasi cha kututisha. Alituambia mambo mawili. Kwanza, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamtaka mwenye nyumba awe na choo, hakuna mjadala. Na kampeni ya serikali ilikuwa ikisema Nyumba ni Choo, maana yake usipokuwa na choo hata hiyo nyumba huna. Pili, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

"Ukingo wa mwaka gani?" mjomba akauliza.

Mzee akanyamaza. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mjomba, ambaye hajawahi kusoma Stanley, alilijua kwa sababu alipokuwa mtoto alicheza mpira mahali ambapo sasa anatega nyavu. Tulipima. Mita 60 kutoka kwenye maji ya siku ile ziliishia jikoni kwa Mama, kati ya jiko la mkaa na pipa. Kwa maji ya mwaka 2018 choo chote kingekuwa nje ya katazo. Kwa maji ya 1876 nadhani tungekuwa tunapima tukiwa ndani ya mtumbwi.

Kwa hiyo Mama anawajibika kwa choo mahali ambapo, kwa kipimo cha mwezi ule, hakuruhusiwa kuwa na choo. Nilimwambia hivyo nikidhani atakasirika. Alisema, "Hayo ya Dar. Fundi anakuja saa ngapi?"

Tulikubaliana hivi. Shimo la Bibi lifukiwe kwa chokaa na kifusi. Kisima kisitumike kwa kunywa mpaka maji yapimwe. Choo kipya kiwe cha pamoja, nyumba mbili, upande wa juu kwenye kona ya jirani penye udongo mgumu, kiinuliwe juu ya ardhi kwa ngazi nne, na chini yake tangi la tofali la kupigwa plasta ya saruji ndani, lisilovuja wala kuvujiwa. Likijaa linanyonywa. Gharama nusu kwa nusu. Kunyonya, nusu kwa nusu. Jirani alitaka iandikwe. Mama aliona kuandikiana ni kutukanana. Tukaandika, kwenye daftari la mjukuu yuleyule aliyeharisha, nyuma ya zoezi la kuzidisha. Nilipoandika neno "wamiliki" kwa wingi, nilisita kidogo, maana kiwanja ni cha mmoja.

Kilichobaki ni gari. La kunyonya haliwezi kushuka kwenye kile kichochoro. Linaishia barabarani, juu, na mpira wake haufiki. Fundi alikaa juu ya ndoo, akachora mchangani. Akasema labda tuweke bomba la inchi 4 kutoka kwenye tangi kwenda barabarani, na pampu ya kusukuma, ili gari likija liunge huko.

"Urefu gani?" nikauliza.

Akahesabu kwa macho. "Kama mita sitini na kitu."

"Na hilo bomba litakuwa la nani?" akauliza jirani.

Mama alikuwa ameshaingia ndani kutafuta hela za kununua tofali.